Picha inaruka: paketi zinaangukia wapi?



Mutu mwenye anatumika poste ya usiku hatazami televizyo sawa watu wengine. Saa yenye habari zinaanza, yeye iko chini, ao iko katika bisi ya kazi. Njo maana katika makamp mingi watu walijifunza kurekodi. Wamoja wako na dekodere yenye inarekodi yenyewe. Sisi wa sehemu ya sendika hapa Kolwezi, tulichukua ordinatere ya zamani, tukatia ndani Linux yenye haiombi feza, tukaunga kisanduku kidogo cha DVB-S2 chenye kinaingia kwa USB, na kable yenye inatoka kwa parabole. Programu yenye tunatumia inaitwa Tvheadend. Unaiambia sheni na saa, nayo inakamata. Asubuhi wenye wanatoka kazini wanapita, wanatia kle yao, wanabeba, wanaenda kulala.

Ni jambo muzuri, mupaka siku yenye picha inaanza kuruka. Uso wa mutu unapasuka karo-karo, sauti inakatika katikati ya neno, kiisha yote inarudia sawa vile hakuna kitu kilipita.

Tarehe 7 Februari 2024, Léopards walicheza na Côte d'Ivoire kule Abidjan, nusu-fainali ya Kombe la Afrika. Mechi ilianza 20h ya kule, ni kusema saa ine ya usiku kwetu, saa ileile yenye poste ya usiku inashuka. Tulirekodi. Wenye walikuwa kazini walitaka kuona mambo mawili. La kwanza, wachezaji wetu wakati wa wimbo wa taifa, mukono moja kwenye kinywa na vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki, juu ya watu wa Mashariki wenye wanauawa na dunia inanyamaza. La pili, ile goli ya Haller ya dakika 65 yenye ilitufunga 1-0. La kwanza lilikuwa muzima. Kwa la pili, picha ilisimama wakati mupira ungali mbali na Mpasi, ikapasuka, na wakati ilirudia Waivoire walikuwa tayari wanakumbatiana. Muzee mumoja wa poste ya usiku akatuangalia: « Sasa goli iliingilia wapi? Ao mulikata juu ya kutuonea huruma? »

Kwa mupira mutu anaweza kucheka. Lakini tunarekodi pia maneno ya wakubwa. Kama musemaji wa kompanyi anasimama mbele ya kamera na kusema ni wafanyakazi wangapi wa sous-traitance wataingia katika kontra ya kompanyi yenyewe, na ile namba njo inaangukia katika shimo la sekunde mbili, siku ya mukutano kila mutu atakuja na namba yake. Wa kwao watasema mia, wa kwetu watasema mia tatu, na kuko mutu mumoja tu mwenye atafurahi.

Basi, picha ikiruka, kila mutu anaonyesha paa. « Ni parabole. » Februari kwetu ni mvua, na mvua kweli inaharibu: sinyali ya bandi Ku, ile ya parabole ndogo, inapita katika mvua nguvu na inachoka, na bandi C ya parabole kubwa inavumilia zaidi. Mutengenezaji mwenye tuliita alisema palepale tununue LNB mupya, na kama haitoshi, kisanduku kipya. Hatukukataa, lakini tulimwomba angoje. Kwa kazi yetu, minere ikipunguka kwenye mwisho wa tapi, hakuna mutu mwenye anakimbia kununua konkasere ingine. Wanatembea pembeni ya tapi wanatafuta mahali mawe yanaangukia. Na televizyo ni vile vile.

Ona namna inatembea. Sheni haifiki kwako kama picha muzima. Inakatwa katika paketi ndogo-ndogo, kila moja okteti 188, hakuna ya 187 hakuna ya 189. Kila paketi inaanza na alama ileile, na iko na namba ya kujua ni ya picha, ya sauti ao ya kitu kingine. Na iko tena na konteri kidogo chenye kinahesabu kutoka 0 mupaka 15, kiisha kinarudia kwa 0. Fikiri wagoni zenye zinapita mbele yako zimeandikwa 0, 1, 2, 3. Ukiona 7 kiisha 10, hauhitaji kuuliza mutu: wagoni mbili hazikufika. Programu inaandika hilo kama kosa la mufuatano. (Kama zinaanguka 16 juste, konteri inarudia mahali palepale na hakuna mwenye anajua. Ni mara chache, lakini mwizi mwenye akili angefanya vile.)

Kuko alama ingine katika paketi. Kisanduku kikipokea paketi yenye imeharibika na kikishindwa kuitengeneza, kinaitia alama: hii ni mbovu. Paketi inafika, lakini imepasuka. Na njo hapa siri yote iko, na tunaomba mwenye anasoma haraka asimame kidogo. Paketi mbovu na paketi yenye imepotea si ugonjwa mumoja. Yenye imefika mbovu iliharibika mbele ya ordinatere: mvua, parabole yenye imegeuka, maji katika kichwa cha kable, LNB yenye imechoka. Yenye ilipokelewa muzuri kiisha ikapotea, iliangukia ndani: kwenye USB, kwenye memwari, ao kwenye diski.

Tvheadend inaonyesha zote mbili katika ukurasa wake wa hali, pale kwenye kuko nguvu ya sinyali. Kuko mustari wa bloki zenye hazikutengenezwa, mustari wa makosa ya usafiri, na mustari wa makosa ya mufuatano. Tulikaa mbele yake usiku mumoja na daftari. Mvua ilinyesha mupaka saa tano, sinyali ikashuka kidogo, lakini bloki zenye hazikutengenezwa zilibakia 0. Makosa ya usafiri, 0. Na makosa ya mufuatano yalikuwa yanapanda: yanalala dakika kumi, kiisha yanaruka mamia kwa mara moja, kiisha yanalala tena. Ile si mvua. Mvua inaharibu kidogo-kidogo na inaacha paketi mbovu nyuma yake. Hii ilikuwa sawa mutu mwenye anafunga mulango wa ghafula.

Si hukumu ya mwisho, maana sinyali ikikatika kabisa kwa kipande cha sekunde konteri pia inaruka. Lakini ilitosha juu ya kumwambia mutengenezaji ashuke kwenye paa.

Ndani ya ordinatere kuko mahali tatu pa kuangalia, na tulianza na ya rahisi. USB. Kuko amri moja, dmesg, yenye inaonyesha maneno yote yenye Linux inajisemesha yenyewe. Ukiandika dmesg -T unaona na saa. Kama kisanduku kinakatika na kurudia, utasoma « USB disconnect » na saa yake. Kwa jirani yetu mumoja njo ilikuwa vile: kila wakati moulin ya mahindi ya pembeni inaanza, umeme unashuka, kaadapta kadogo ka kisanduku kanashindwa, na kisanduku kinakufa sekunde tatu. Alibadilisha kaadapta, akatia stabilizatere, ikaisha. Wengine wanaunga kisanduku na diski ya inje kwenye kigawanyo kimoja cha USB, na vyote vinapita katika mulango mumoja mwembamba. Unga kisanduku moja kwa moja nyuma ya ordinatere, bila kigawanyo. Kwetu dmesg haikuonyesha USB yenye kukatika. Ilionyesha kitu kingine, lakini hatukuelewa bado.

Kiisha memwari. Paketi zikifika, Linux inaziweka kwanza katika kikapu, mbele programu iende kuzichukua. Kile kikapu ni kidogo: okteti 1.925.120, karibu megaokteti mbili. Sheni moja ya picha kubwa yenye kubeba megabiti 8 kwa sekunde inakula megaokteti 1 kwa sekunde. Hesabu mwenyewe: programu ikisimama sekunde mbili bila kuchukua, kikapu kimejaa na kinamwanga. Na kama unakamata sheni zote za frekansi moja, megabiti 40, kinajaa mbele sekunde moja ifike nusu. Programu zingine zinajiongezea vikapu vyao, lakini mambo ni yaleyale.

Hapa watu mingi wanapotea. Wanasema: diski yangu ni ya zamani, haina mbio. Si kweli. Diski hata ya miaka kumi na tano inaandika megaokteti makumi kwa sekunde, na sheni inaomba moja. Mbio iko. Shida ni kusimama. Kamio yenye inatembea polepole siku muzima inabeba kazi yote. Yenye inakimbia kiisha inazimika katikati ya njia inafunga mugodi.

Namna gani kujua kama ni diski? Ondoa diski katika njia. Linux iko na mahali panaitwa /dev/shm, ni kama kartabu katika memwari yenyewe, bila diski hata kidogo. Kawaida inachukua nusu ya memwari. Ordinatere yetu iko na giga 2, basi giga 1 ya kujaribia, na dakika kumi za sheni moja ni kama megaokteti 600. Inaenea. Tuliambia programu irekodi pale. Dakika kumi, makosa ya mufuatano 0. Tukarudilia, 0. Tukarudisha kwenye diski: mbele ya dakika kumi kuisha, mamia. Tulifanya vile mara tatu mbele ya mutengenezaji, na yeye mwenyewe njo alisema neno: diski.

Sasa tulirudi kusoma dmesg tena, na tukaelewa. Kulikuwa mistari ya « I/O error » na jina sda. Ile ni diski yenye inasema siwezi.

Diski ziko na karte yao ya ugonjwa, sawa ile yenye daktari wa mugodi anaandika kila mwaka. Programu yenye inaisoma iko katika smartmontools, na amri ni sudo smartctl -A /dev/sda. Inatoa mistari mingi. Angalia mitatu, kwenye nguzo ya mwisho. Reallocated_Sector_Ct ni vipande vyenye diski ilikwisha kutupa na kuweka vingine. Current_Pending_Sector ni vipande vyenye inashindwa kusoma na vingali vinangoja. Na UDMA_CRC_Error_Count, hii kama inapanda peke yake, furahi: si diski, ni kakable kake ka ndani, na kanauzwa feza kidogo. Yetu, mustari wa vipande vyenye vinangoja haukuwa 0. Siku tatu nyuma ulikuwa umepanda.

Diski ikikuta kipande chenye hakisomeki, haikati tamaa. Inarudilia kusoma, na tena, na tena, na diski ya ordinatere ya nyumba inaweza kubakia pale sekunde mingi. Linux yenyewe inaingoja mupaka sekunde 30. Wakati ule wote hakuna kitu kingine kinaandikwa, na kikapu cha megaokteti mbili kinamwanga kwa Haller.

Na sasa tuseme kitu chenye kilitunyima usingizi. Ile diski haikuwa ya televizyo tu. Ni ordinatere moja tuko nayo. Ndani yake njo kulikuwa picha za buletini za malipo zenye wandugu wanatuletea, deklarasyo za aksida, liste za watu wa sous-traitance na tarehe yenye kila mumoja alianza. Kulikuwa dosye ya mama mumoja mujane. Kompanyi ndogo yenye mume wake alitumikia ilifunga milango, ofisi haiko tena, na yale makaratasi ya nyumbani yaliharibika katika maji. Picha zenye mume wake alituletea wakati angali muzima njo zilibakia ushuhuda wa miaka yake ya kazi mbele ya CNSS. Buletini makumi tatu na tatu. Kwenye diski yenye inakufa.

Yule muzee mwenye alicheka juu ya goli alikuwa pale. Alisema tu: « Zima televizyo. »

Basi musikie namna ya kufanya, maana hapa mutu akikosa anakosa kabisa. Diski yenye inagonjwa, usiitengeneze kwanza. Kuko amri zenye zinaahidi kutengeneza, fsck na wenzake, zinaandika juu ya diski na zinaitumikisha sana, na diski yenye ingeishi siku mbili inakufa kwa saa moja. Kopya kwanza. Acha kurekodi, kata kila kazi ingine. Anza na fishie ndogo zenye ziko na bei: makaratasi, picha za buletini. Mechi na filme zinangoja. Tulikopya kartabu ya dosye kwenye diski ya inje yenye mwenzetu mumoja aliazimisha. Nyingi zilipita. Kwa zenye zilikataa tulitumia GNU ddrescue. Akili yake ni hii: inapita kwanza diski yote inachukua vipande vizima, mahali pagumu inaruka, na inaandika katika daftari yake mahali iliruka. Kiisha inarudia pale pagumu polepole. Ukikatiwa umeme katikati, inasoma daftari na inaendelea mahali ilifika. Kwa muji wa delestaji kama wetu, mwenye aliandika hii programu alitufikiria bila kutujua.

Ilichukua usiku mbili. Buletini za yule mama zilitoka 31. Mbili hazikufunguka, na bahati, ni za miezi yenye mwenzake wa ekipe moja alikuwa nayo ushuhuda mwingine. Alipofika siku ya posho tulimupatia zote kwenye kle, na kopya ya karatasi. Aliuliza ni namna gani tulijua kwamba diski iko na ugonjwa. Tulimwambia ukweli, ni mupira.

Diski ya kufuata tulinunua ya mukono wa pili. Mutu akikuuzia diski sokoni, enda na kle yenye iko na Linux ndani, omba muuzaji aiunge kwenye ordinatere yake, anzisha kwa kle, na soma smartctl mbele ya kutoa feza. Mustari Power_On_Hours unasema saa zenye diski ilikwisha kufanya. Muuzaji mumoja alikataa tusome. Tuliondoka bila kuongea naye zaidi. Wa pili alikubali, hata yeye mwenyewe akaanza kuandika ile amri kwenye karatasi.

Sasa dosye ziko kwenye diski mbili, moja haikai katika chumba cha sendika. Televizyo iko na yake peke yake.

Tuko na mambo mawili tena kwa wenye wanarekodi nyumbani. Delestaji ikikuta programu inarekodi katika MP4, mara mingi fishie yote imepotea, maana ile aina inaandika orodha yake ya ndani kwenye mwisho, na mwisho haukufika. Rekodi katika TS, ile ya paketi 188: umeme ukikatika dakika 40, uko na dakika 40. Na mbele ya kupatia watu kopya ya maneno ya mukubwa, ipitishe kwanza kwa amri hii: ffmpeg -v error -i habari.ts -f null - . Haionyeshi picha, inasoma fishie muzima na inaandika kila mahali penye kuvunjika. Isiponena kitu, kwa kawaida fishie ni muzima. Ikinena, fungua pale, sikiliza, na uandike kwenye kopya: hapa kunakosa sekunde fulani. Upande ule mwingine wa meza watatafuta shimo, afazali walikute tayari limeandikwa na mukono wetu.

Chumba cha sendika kinafunguliwa siku ya posho kutoka saa tatu. Kama picha yako inaruka, kuja na daftari yenye saa za kuruka na hali ya mvua, na kama unaweza, beba ordinatere yenyewe. Parabole iache nyumbani.